Kisu cha Desemba: Somo kwa Wazazi Wakristu

Mwezi wa Novemba unapokaribia kwisha, na watoto wa shule wanapohesabu siku zilizobaki kabla ya likizo, katika nyumba nyingi za mkoa wa Mara huanza mazungumzo ambayo padre akiingia hunyamazishwa. Mama hutafuta khanga mpya. Shangazi hutumiwa salamu. Ulezi wa pombe huandaliwa. Ukiwa mwaka wa tohara, wazee wa mila, ambao baraza lao Wakuria huliita inchama, huwa wamekwisha kutamka neno lao, na kila mwenye binti aliyefikia umri anajua anachotazamiwa kufanya. Ndiyo maana somo hili linaandikwa mapema, kabla pombe haijachachuka. Ngoma ikishaanza kulia, maneno ya gazeti hayasikiki tena.

Ingekuwa faraja kwetu kusema kwamba jambo hili hufanywa na watu wasiobatizwa tu. Hatuwezi kusema hivyo. Katika Tarime na Serengeti, na katika vijiji kadhaa vya Butiama na Bunda, wapo mabinti waliopokea Komunyo ya kwanza na Kipaimara, wenye majina ya watakatifu, ambao baba na mama zao husimama kila Dominika kuikiri Nasadiki, na ambao mwezi wa Desemba hupelekwa kwa ngariba. Kwa wazazi hao, na kwa majirani zao wanaojua na kunyamaza, ndio tunaoandikia kwanza. Lakini wasomaji wetu wa Manyara, Arusha, Singida na Dodoma wasifunge gazeti wakidhani kwamba haliwahusu. Wala wasomaji wa Mwanza na Dar es Salaam wasifanye hivyo, hasa wale wanaompandisha binti katika basi kwenda kumsalimu bibi bila kuuliza bibi amemwandalia nini.

Kwanza tutengeneze neno. Watu wengi husema tohara. Neno hilo tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni usafi. Basi anayeita jambo hili tohara amekwisha kulisifu kabla hajalieleza, na amekwisha kumwita mchafu binti ambaye bado hajaguswa. Huko Tarime lipo hata neno la kumtukana binti wa namna hiyo, msagane, nalo humfuata kisimani na sokoni mpaka machozi yamtoke. Siku hizi serikali na watu wa afya husema ukeketaji. Mzee yeyote anayekijua Kiswahili atakuambia kwamba kukeketa ni kukata kwa kisu kisichopata. Neno hilo halipendezi, lakini ni la kweli, nasi tutalitumia.

Jambo lenyewe ni kukata au kuondoa sehemu za nje za uzazi za mwanamke, pasipo ugonjwa wowote unaodai hivyo. Waganga wa Shirika la Afya Duniani wamesema bila kusitasita kwamba halina faida yoyote kwa afya. Madhara yake ni kutokwa na damu nyingi, pepopunda, maumivu wakati wa haja ndogo, na uchungu katika ndoa. Mwaka 2006 zilitangazwa habari za uchunguzi uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, kwa akina mama zaidi ya 28,000 waliokuja kujifungua hospitalini. Ilionekana kwamba waliokeketwa walipasuliwa mara nyingi zaidi, walitokwa na damu zaidi baada ya kuzaa, na watoto wao walikufa mara nyingi zaidi kuliko watoto wa wenzao. Tunaomba akina baba walifikirie jambo hili kwa utulivu. Yule anayetaka wajukuu wengi wa kulibeba jina lake ndiye huyo huyo anayelipia kisu kinachowahatarisha wajukuu hao kabla hawajazaliwa.

Katika hesabu ya afya iliyofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016, wanawake 10 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walionekana wamekeketwa. Katika mkoa wa Mara walikuwa 32. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha 8 kwa nchi nzima na 28 kwa Mara. Tunashuka, lakini tunashuka kama mzee anayeteremka mlima akiogopa kila jiwe.

Sheria ipo. Tangu mwaka 1998, sheria ya makosa ya kujamiiana inamwadhibu anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18, au mzazi na mlezi anayeruhusu afanyiwe hivyo, kwa kifungo cha miaka isiyopungua mitano wala kuzidi kumi na mitano, au faini, au vyote viwili. Ni sheria njema, na Mkristu ana wajibu wa kuitii. Hata hivyo sheria peke yake hutazama mlangoni, haiingii jikoni. Baada ya katazo, wapo waliohamia usiku, wapo waliovuka mpaka kwenda Kenya, na katika mikoa ya kati wapo wanaowakeketa watoto wachanga ili kilio chao kidhaniwe kuwa cha tumbo. Huko hutaja ugonjwa uitwao lawalawa, kana kwamba ugonjwa wa kuwasha unaotibika kwa dawa ya zahanati wahitaji wembe.

Majirani zetu wa Kenya walilijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 1929 wamisionari wa Kanisa la Scotland huko Kikuyu waliwadai waumini waahidi kuiacha desturi hiyo, nao watu wengi wakaondoka, wakajenga shule zao wenyewe, na suala la mwili wa binti likageuka kuwa suala la nani anatawala nchi. Misioni za Kikatoliki kwa sehemu kubwa zilijitenga na ugomvi ule. Mtu aweza kusema zilikuwa na busara. Aweza pia kusema kwamba mabinti ndio waliolipa bei ya busara ile. Kisha mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke wa Meru, wakiungwa mkono na serikali ya Waingereza, walipiga marufuku. Wasichana wakanunua nyembe madukani, wakaenda porini na kukatana wao kwa wao. Waliitwa Ngaitana, maana yake, nitajikeketa mwenyewe. Hapo tunaona wazi kwamba katazo lisilomwonyesha msichana njia nyingine ya kuheshimiwa humfanya akipende kisu kama haki yake.

Basi tutafute mzizi. Imani yetu inasema nini?

Wakristu wengi hawakumbuki kwamba ugomvi mkubwa wa kwanza ndani ya Kanisa ulihusu tohara. Someni sura ya kumi na tano ya Matendo ya Mitume. Walikuwapo waumini waliofundisha kwamba mtu wa mataifa, hata akimwamini Kristu, hawezi kuokoka asipotahiriwa kwa desturi ya Musa. Hawakuwa watu waovu. Walikuwa watu wa mila, na mila yao, tofauti na zetu, ilikuwa imeamriwa na Mungu mwenyewe kwa Ibrahimu. Paulo na Barnaba walipinga. Mitume na wazee wakakutana Yerusalemu, Petro akasimama na kusema, na neno likakatwa: mataifa wasitwishwe mzigo huo. Baadaye Paulo aliwaandikia Wagalatia kwa ukali usio wa kawaida, akawafundisha kwamba katika Kristu kutahiriwa si kitu na kutotahiriwa si kitu; kilicho na nguvu ni imani itendayo kazi kwa upendo. Na katika waraka huo huo aliwaambia kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristu, wala mbele yake hakuna tena daraja la mwanamume na daraja la mwanamke.

Pimeni uzito wa uamuzi ule. Ikiwa Kanisa halikukubali kwamba hata ile tohara ya wanaume iliyoamriwa katika Maandiko iwe sharti la kuingia katika watu wa Mungu, itawezekanaje kukatwa kwa wasichana, ambako hakukuamriwa popote katika Agano la Kale wala Jipya, kuwe sharti la binti Mkristu kuhesabiwa mtu mzima? Siku ya Ubatizo alipewa jina, akapakwa mafuta matakatifu, akavikwa vazi jeupe. Siku ya Kipaimara Askofu alimpaka Krisma akatiwa muhuri wa Roho Mtakatifu. Kanisa halina daraja jingine la kumpandisha ili awe kamili. Mzazi anayesema baada ya hayo yote kwamba binti huyu bado hajawa mtu, anasema, pengine bila kujua, kwamba Sakramenti zilikosa nguvu.

Tena mwili si mali ya baba. Baba Mtakatifu Pius XI alifundisha katika barua yake juu ya ndoa, mwaka 1930, kwamba hata mtu mwenyewe hana mamlaka ya kuharibu viungo vyake apendavyo, isipokuwa pale ambapo afya ya mwili mzima haiwezi kuokolewa kwa njia nyingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliihesabu mikato ya mwili pamoja na utumwa na mateso, katika mambo yanayomwaibisha anayeyatenda kuliko anayetendewa. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake juu ya familia wa mwaka 2016, alilitaja jambo hili waziwazi na kulilaani. Hivyo asiwepo wa kusema kwamba ni maoni ya padre fulani kijana aliyesoma seminari kuu na kusahau kwao.

Sasa tuje kwenye hoja za wazee, maana wana hoja, na si haki kuzipita.

Wanasema kwamba kisu hutuliza tamaa, na kwamba binti asiyekatwa atakuwa malaya. Wapo hata Wakristu wanaoona hoja hii inafanana na mafundisho yetu juu ya usafi wa moyo. Haifanani hata kidogo. Fadhila hukaa katika utashi. Mtu aliyefungwa mikono kwa kamba hasifiwi kwa kuwa hakuiba. Anasifiwa yule aliyeachwa peke yake karibu na fedha za jirani, akaondoka mikono mitupu. Mungu alipomuumba mwanamke hakuweka katika mwili wake kosa linalongoja ngariba alisahihishe. Na kama kweli shabaha ni usafi wa ndoa, mbona kisu hakiwatafuti wale wanaume wanaolala nje? Twajua jibu. Mzigo wa heshima ya ukoo umepewa yule asiyeweza kukataa kuubeba.

Wanasema pia kwamba hii ni mila yetu, na wanaoipinga ni Wazungu. Hapa napenda tukae kidogo, maana moyo wa kuipenda mila si moyo mbaya. Baba Mtakatifu Paulo VI, mwaka 1967, aliwaandikia Waafrika barua akisifu tunu zao: kumjua Mungu katika mambo yote, heshima kwa wazee, upendo wa jamaa. Kanisa halikuja Mara kufuta majina ya babu zetu. Lakini katika mwaka huo huo wa 1967 mwana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, alipoeleza Ujamaa Vijijini, aliusifu mwenendo wa wazee wetu, kisha akataja kasoro zake mbili. Ya kwanza ni hali ya mwanamke, kwamba alionewa na kufanyizwa kazi kuliko haki. Ya pili ni umaskini. Hakuyatoa maneno hayo kwa wageni. Alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa Chifu Burito aliyekuwa na wake wengi. Alimwona mama yake Mgaya akifanya kazi. Alichongwa meno kama Mzanaki yeyote wa rika lake. Alipokuwa Makerere, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akiyapima maisha ya kwao kwa mawazo ya Mwingereza John Stuart Mill. Nyegina, karibu na Musoma, ndiko alikobatizwa Desemba ya mwaka 1943. Huyo ndiye mtu ambaye Jimbo la Musoma lilianzisha mwaka 2005 kesi ya kumtangaza mwenye heri. Sisi hatutangulii hukumu ya Kanisa. Twasema tu kwamba mtu aweza kuyabeba meno yaliyochongwa na jina la ukoo wake mpaka kaburini Butiama, na hata hivyo akaona kwa macho yake mahali ambapo babu walikosea.

Na kuhusu Wazungu: wasijisifu. London, katika miaka ya 1860, daktari maarufu Isaac Baker Brown aliwakata wanawake kwa namna hii hii akidai kutibu kifafa na wazimu, mpaka mwaka 1867 madaktari wenzake walipomfukuza katika chama chao. Dhana kwamba mwili wa mwanamke una kitu cha ziada kinachopaswa kuondolewa haikuzaliwa Afrika peke yake. Wala haikubaliwi na Waafrika wote. Waluo wa Rorya, ambao huuza na kununua pamoja na Wakuria katika masoko yale yale, hawakeketi mabinti zao, na sijapata kusikia kwamba wanawake wa Kiluo hawajui kutunza nyumba. Wasukuma walioko Bunda hali kadhalika.

Inabaki hoja ya tatu, na hiyo ndiyo yenye uzito wote. Baba mmoja aliniambia, kwa adabu sana, baada ya Misa: "Padre, sheria ya serikali naijua, na mahubiri yako nimeyasikia. Lakini niambie, nani atamwoa?"

Baba huyo si katili. Ana ng'ombe wachache na mabinti wanne. Anajua kwamba kwao binti aliyekeketwa hutolewa ng'ombe wengi, na asiyekeketwa huenda asiulizwe kabisa, au aulizwe na mjane mwenye umri wa baba yake. Anajua kwamba akimwacha, wifi zake watamkataza kuchota maji pamoja nao. Tukimwambia tu kwamba anatenda dhambi, tutakuwa tumesema kweli, nasi tutakuwa tumemwacha peke yake na ile kweli. Mtu mmoja hawezi kuubadili mwenendo huu. Akiacha yeye peke yake, binti yake ndiye anayeadhibiwa.

Wachina walikuwa na desturi ya kuwafunga wasichana miguu kwa vitambaa tangu utoto, mpaka mifupa ivunjike na mguu ubaki mdogo kama ngumi. Ilidumu karibu miaka elfu moja, na sababu ilikuwa ile ile: asiyefungwa miguu haolewi. Watawala waliikataza zaidi ya mara moja, bila mafanikio. Mwishoni mwa karne ya 19 vilianzishwa vyama vya wazazi, na kila aliyejiunga alitoa ahadi mbili, si moja. Aliahidi kwamba hatamfunga binti yake miguu, na kwamba hatamwacha mwanawe wa kiume aoe msichana aliyefungwa miguu. Ahadi ya pili ndiyo iliyovunja minyororo, kwa sababu ilimjibu yule baba swali lake. Kwa muda wa kizazi kimoja desturi ya miaka elfu ilianguka katika sehemu nyingi. Jambo la kufanana nalo lilitokea Senegal mwaka 1997, wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara walipotangaza hadharani kuacha ukeketaji. Vijiji vingine ambavyo vilioana nao vikaombwa kujiunga, maana walikwisha kuelewa kwamba haitoshi kijiji kimoja kuacha ikiwa wachumba hutoka kijiji cha pili.

Basi akina mama wenye wana wa kiume, somo hili sasa limewafikia ninyi. Mpaka hapa pengine mlisoma mkijisemea kwamba hamna binti. Lakini ni ninyi mnaouliza juu ya mkamwana kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Ni ulimi wenu unaomtia hofu mama wa binti kijiji cha tatu kutoka kwenu. Siku mtakaposema mbele ya watu kwamba mwanenu ataoa binti mzima kama Mungu alivyomuumba, na kwamba ng'ombe hawatapungua hata mmoja, mtakuwa mmefanya kazi ambayo polisi wa wilaya nzima hawawezi kuifanya. Na ninyi vijana wa kiume, mnaojivunia elimu ya sekondari na simu nzuri, mnangoja nini kusema hivyo kwa vinywa vyenu?

Sisi Wakatoliki tunacho chombo tayari. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo leo zimeenea nchi nzima, zilikuwa na chimbuko lake mojawapo katika Jimbo hili la Musoma, kwa Waluo wa kaskazini, mwaka 1966, wakati wamisionari wa Maryknoll walipojifunza namna watu wanavyokusanyika kwa kawaida yao. Nyumba kumi au kumi na tano zinazofahamiana, zinazosali pamoja, zinazooleana: ahadi ile ya namna mbili ingepandwa wapi kama si hapo? Isitolewe kwa siri. Itolewe mbele ya Msalaba, baba na mama wote wawili wakiwapo, majina yaandikwe katika daftari ya jumuiya, na jumuiya ya kijiji cha jirani ialikwe kusikia.

Wala msidhani kwamba kuacha kisu ni kuacha sherehe. Binti anayetoka utotoni anahitaji kufundishwa, kuimbiwa, kuvikwa nguo mpya, kuitwa mtu mzima na shangazi zake. Huko Masasi, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Askofu Vincent Lucas wa Waanglikana aliichukua jando ya wavulana akaitia sala, badala ya kuifuta. Katika kituo cha Masanga, wilayani Tarime, ambacho watawa wa kike wamekuwa wakikisimamia, wasichana hukaa pamoja wakati wa msimu, wakafundishwa juu ya mwili wao, heshima na kazi, kisha wakahitimu kwa ngoma na vyeti, bila tone la damu. Parokia yoyote yaweza kufanya hivyo kwa kadiri ya uwezo wake. Chumba cha katekesi, masufuria mawili, na akina mama watatu wenye hekima vyatosha kuanzia.

Neno moja sasa kwa mama na dada ambao walikwisha kukeketwa zamani. Huenda mmesoma maneno haya kwa aibu au kwa hasira. Hamna dhambi katika jambo mlilotendewa mkiwa watoto. Heshima mliyopewa na Mungu haikukatwa. Hakuna kisu kinachofika mahali inapokaa. Bwana wetu Yesu Kristu alifufuka akiwa na makovu yake, wala Tomaso hakumwona kuwa amepungukiwa. Msikubali mtu awacheke, hata kama anajiita mtetezi wa wanawake. Na ninyi, kuliko padre au daktari, mna haki ya kumwambia binti yenu yaliyowapata. Wengi wenu mlinyamaza kwa kuwa mliagizwa kunyamaza. Agizo hilo halimfungi Mkristu.

Msafiri anayetoka Mwanza, akipita Bunda kuelekea Musoma, hufika Kiabakari katika wilaya ya Butiama. Wakatoliki wengi wanapajua kwa sababu ya kituo cha hija cha Huruma ya Mungu, nao huenda huko kuomba. Kiabakari hiyo hiyo ina nyumba salama, dada ya ile iliyoko Mugumu, inayoendeshwa na shirika la mama Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na akakaribia kufa. Wasichana hukimbilia huko usiku, wengine kwa miguu, wakiwa na nguo walizovaa tu. Hivyo katika mji mmoja mdogo wako wanaoomba huruma kwa rozari, na wako wanaoiomba kwa kubisha mlango. Nashukuru kwamba milango ipo. Lakini naona uchungu kwamba binti Mkristu anayetafuta usalama anafikiria nyumba ya umbali wa kilometa nyingi kabla ya kufikiria nyumba ya mama yake wa Ubatizo, ambaye huenda anakaa ng'ambo ya shamba. Mama wa Ubatizo aliahidi mbele ya kisima. Basi Desemba ndio mwezi wake. Amtembelee binti kabla shule haijafungwa, azungumze na wazazi kwa upole, na wakikataa, ampokee kwake.

Na anayepata habari kwamba binti atapelekwa asingoje mpaka apelekwe. Aende kwa mwenyekiti wa kijiji, au katika dawati la jinsia na watoto la kituo cha polisi, au apige simu namba 116 ambayo ni ya kuwasaidia watoto. Huko si kuwasaliti majirani. Katekista anayejua na kunyamaza kwa kuogopa kukosa mwaliko wa sherehe afikirie kama inafaa aendelee kuwafundisha wengine amri za Mungu.

Kazi iliyo ngumu zaidi huja Januari. Sherehe zimekwisha, wageni wamerudi makwao, na msichana aliyekimbia anataka kurudi nyumbani, maana hata nyumba iliyomtisha ni nyumba yake. Wako wazazi wanaompokea kwa machozi. Wako wanaofunga mlango na kusema hawamjui. Paroko na viongozi wa jumuiya waende pamoja naye, si mara moja, wakae na baba yake, wanywe uji atakaowapa, wasianze kwa kumtisha na jela bali wasimfiche kwamba ipo. Ahadi yake iandikwe. Na akikataa kabisa, jumuiya ijue kwamba sasa huyu ni binti yao: sare yake, madaftari yake, na nauli ya kumfikisha shule kabla ya kengele ya kwanza.